Kadi Mbili za Manjano

Kutoka Elgon View, mtaa wetu wa Eldoret, hadi Kampala ni kama kilomita 350. Mwendo huo haupiti kwa mbali ule wa kwenda Nairobi, na haufiki nusu ya ule wa Mombasa. Malori ya kwenda Uganda hupita Eldoret usiku na mchana. Hata hivyo, katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuuona mji wa Kampala isipokuwa marehemu babu wa watoto, ambaye aliufikia kwa garimoshi. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931, na watu wa rika lake waliipanda kama tunavyopanda matatu leo, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977.

Kogo, mama mzazi wa mume wangu, ndiye aliyelianzisha jambo. Alikuwa ameshuka kutoka Kaptagat kuja kukaa nasi likizo ya Agosti. Jioni moja, chai ikiwa mezani, alimgeukia mume wangu akasema, "Mwanangu, babako aliniahidi kunipeleka Kampala. Mungu akamchukua kabla. Mimi nataka kufika Namugongo nikiwa bado natembea mwenyewe."

Neno kama hilo la mzazi halijadiliwi. Tukaanza kupanga usiku uleule.

Kila mtu alikuwa na Kampala yake. Mume wangu alitaka Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922, alikosoma Nyerere na alikosoma na kufundisha Mwai Kibaki. Kifungua mimba wetu, kijana wa miaka 17, alitaka kupanda mnara wa msikiti wa Kampala ya zamani ili avione vilima vyote vya mji kwa mara moja, halafu aende makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi. Kitinda mimba alitaka mto Nile tu. Kogo alitaka Namugongo, mahali pa mashahidi wa Uganda, na akasisitiza kwamba Namugongo isifanywe ya mwisho watu wakiwa wamechoka.

Nilichukua ramani na daftari nikaketi. Kumbe safari ya Kampala hujipanga yenyewe ukifuata barabara. Ukivuka Malaba unapita Tororo, Bugiri na Iganga hadi Jinja, na hapo Nile unakungoja njiani. Daraja jipya linaloning'inia kwa nyaya, lililofunguliwa Oktoba 2018, linakuvusha mto wenyewe. Kisha unaingia msitu wa Mabira, ambako wachuuzi wa Najjembe hukuletea kuku wa kijiti na ndizi za gonja hadi dirishani. Namugongo iko upande huohuo wa mashariki, kabla hujaingia katikati ya mji. Kwa hiyo siku ya kwanza ilikuwa ya Nile na Namugongo, ya pili Kasubi na msikiti, ya tatu Makerere na jumba la makumbusho, kisha kurudi nyumbani. Kogo alisomewa mpango huo akaubariki.

Shughuli za kuondoka tukagawana. Mume wangu alichukua gari na karatasi zake. Mimi nikachukua chakula, malazi na watu. Siku mbili kabla ya kuondoka nilimuuliza, "Baba watoto, kadi ya manjano umeshughulikia?"

"Iko tayari. Nimeilipia jana."

Nikashukuru, nikaendelea kukaanga mandazi.

Usiku wa mkesha, mifuko ilikuwa imepangwa mlangoni na kibuyu cha maziwa ya mursik cha Kogo kimefungwa kwa kanga. Jirani yetu, ambaye ni muuguzi, akaja kutuletea jagi la chai la safari. Aliuliza kwa upole, "Mmechanja lini homa ya manjano?" Mume wangu akasema kadi iko, akaenda chumbani akarudi nayo. Jirani aliitazama akanyamaza kidogo. Ilikuwa kadi ya manjano ya COMESA, ile bima ya gari inayotambuliwa katika nchi wanachama, ya kulipia madhara utakayomfanyia mtu mwingine barabarani. Gari letu lilikuwa na haki zote za kuingia Uganda. Sisi watu hatukuwa nazo.

Jirani akatueleza taratibu. Uganda inataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho nacho huitwa kadi ya manjano, kwa kila msafiri aliyetimiza mwaka mmoja. Na hata tungechanjwa alfajiri, cheti hakiwi halali mpaka siku 10 zipite, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujijengea kinga.

Nyumba ikawaka moto. Kitinda mimba akalia. Kifungua mimba akasema rafiki zake wamepita Malaba bila kuulizwa chochote. Mume wangu naye, kwa uchungu wa kumvunja moyo mamake, akasema twende, tutajua hukohuko. Nyumba ya wageni tuliyoilipia arbuni nilipoipigia simu ilikataa kusogeza tarehe, na pesa zile zikapotea. Tulirushiana maneno ambayo mke na mume hawapaswi kurushiana mbele ya mzazi.

Kogo aliyakata yote kwa sauti ya chini. "Mashahidi wale walichomwa moto kwa sababu walikataa kuikana imani yao. Mimi niende kuwaomba nikiwa nimepita mpakani kwa udanganyifu? Fungueni mifuko. Kesho mnakwenda kuchanjwa."

Asubuhi tukaenda kliniki wote. Mimi nilikuwa na hofu moja niliyoificha: niliwahi kusikia kwamba mtu aliyepita miaka 60 hapewi chanjo hii ya kwanza bila daktari kupima kwanza faida na hatari. Kogo ameshapita 70. Zamu yake ilipofika alifungua mkoba akatoa kijitabu kilichokunjika pembe. Alichanjwa mwaka 2009, alipokwenda Afrika Kusini kumwona mwanawe wa pili aliyekuwa akisoma huko. Kadi iliandikwa kwamba mwisho wake ni 2019. Mume wangu akainamisha kichwa.

Muuguzi akatabasamu. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, chanjo hii inahesabiwa kuwa ya maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa tarehe ya mwisho. Katika nyumba nzima, mtu pekee aliyekuwa tayari kwa Kampala alikuwa Kogo.

Siku zile za kungoja zilituokoa na balaa kubwa zaidi. Nikipekua makabati nilikuta pasipoti ya kifungua mimba imekwisha muda. Mtu mzima wa Kenya anaingia Uganda kwa kitambulisho tangu 2014, lakini kijana wa miaka 17 bado hana kitambulisho. Tungefika Malaba tukarudishwa pamoja na mtoto, au tukamwacha njiani. Tukamtafutia hati ya muda ya kusafiria, tukaandaa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili.

Siku 10 zilipotimia likizo ilikuwa inaishia, kwa hiyo siku ya tatu tukaikata. Mume wangu aliisamehe Makerere yake bila kuombwa, na kwa hilo namheshimu. Malaba ni kituo kimoja cha mpaka: unasimama upande wa nchi unayoingia tu, maafisa wa nchi zote mbili wakiwa pamoja. Kadi za chanjo ziliombwa, zikatazamwa moja moja, ya Kogo ya mwaka 2009 ikiwa ya kwanza kurudishwa.

Kule Namugongo, Kogo aliingia katika basilika iliyojengwa kwa umbo la nyumba ya jadi ya Waganda, akaanza kuhesabu nguzo zake kwa kidole hadi 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1964. Alikaa pale ambapo Karoli Lwanga, mmoja wao, alichomwa tarehe 3 Juni 1886, akaomba kwa muda mrefu, na hakuna mtoto aliyemharakisha. Kesho yake tulisimama Kasubi, ambako nyumba kuu ya wafalme iliteketea Machi 2010 ikajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kijana wangu alipanda mnara wa msikiti, akashuka akitutajia vilima.

Ninyi wenzetu wa Eldoret, na wa mji wowote ulio karibu na mpaka, wapelekeni wazee na watoto wenu wakaione miji mikuu ya majirani. Ila msianze na hoteli wala mandazi. Kusanyeni karatasi za kila mtu mezani mwezi mzima kabla, mkianza na mtoto asiye na kitambulisho, na mchanjwe mapema. Chanjo ni ya mara moja tu maishani, na kadi yake haipotezi nguvu.