Lokesheni ya Kichuguuni

Programu ya ramani simuni mwangu inatambua watu wa aina mbili tu: mwenye gari na mwenda kwa miguu. Sisi wa baiskeli, ambao huku Shinyanga tumebeba abiria kwenye keria mpaka tukaitwa daladala, haina habari nasi. Ukijitia mwenye gari, inakupeleka kwenye lami ya Isaka kwenda Kahama, ukapumuliwe kisogoni na malori yanayowahi Rwanda na Burundi. Ukisema unatembea, inakupitisha vinjia vya ng'ombe. Siku ya kikao cha mahari ya binamu yangu nilichagua vinjia. Nyuma nilikuwa nimefunga kreti ya soda kwa mpira wa tyubu, na soda na upepo wa malori havipatani.

Binamu alikuwa amehamia upande mwingine wa Kagongwa. "Kaka, nakutumia lokesheni," alisema. "Wewe fuata simu tu, itakufikisha mpaka mkekani."

Nikaifunga simu kwenye usukani. Yule dada anayesemea ndani yake akaanza kazi kwa Kiingereza cha puani: baada ya mita 200, pinda kushoto. Kwa mwenda kwa miguu, mita 200 ni muda wa kutosha hata kusalimiana na watu. Kwa mtu aliye kwenye mteremko na breki za kuombea dua, kona imeshapita kabla dada hajamaliza sentensi. Lakini nimpe haki yake, hasonyi. Mzee wa Kisukuma ukimpuuza mara mbili, ya tatu anakuacha upotee ili upate akili. Dada anatafuta njia nyingine kimya kimya, kisha anakuelekeza kwa sauti ileile, kana kwamba hujamkosea.

Tatizo lake ni kwamba hajui masika. Kagongwa ni mji wa mpunga, na kinjia alichonionyesha kilikuwa kweli njia mwezi Septemba. Mwezi Februari kilikuwa tuta katikati ya majaruba, kushoto maji, kulia maji, mbele chura. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukilowa haukubali kukanyagwa bure. Ulipanda na tairi, ukajaa chini ya madigadi, gurudumu likagoma kabisa. Nikachokonoa kwa kijiti, nikasukuma hatua chache, nikachokonoa tena. Mwishowe nikaacha kreti juu ya tuta, nikavusha baiskeli begani, nikarudia kreti. Hapo ndipo programu ilipokuwa sahihi kuliko wakati wowote: nilikuwa mwenda kwa miguu. Dakika za kufika, badala ya kupungua, zikawa zinaongezeka.

Na wala sikuwa nimepotea! Mfumo wa satelaiti unaoiongoza simu ni wa Wamarekani, ulianza kutumika kikamilifu mwaka 1995. Satelaiti zake zinazunguka kiasi cha kilomita 20,000 juu yetu, na simu ikipata nne tu inajua ulipo kwa tofauti ya mita chache. Haihitaji hata bando kwa kazi hiyo. Bando ni la kuvutia picha ya ramani. Kwa hiyo simu ilijua vizuri nilipo: nimesimama kwenye jaruba la watu na kreti ya Fanta.

"Umefika," akasema dada.

Mbele yangu kulikuwa na kichuguu. Kikubwa, nakubali, lakini hakikuwa na mlango, mkeka wala mashemeji. Kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe pembeni alinitazama, akatazama soda, akasema, "Mwangaluka, kaka. Unataka kupiga simu?"

Nikamwambia namtafuta fulani.

"Huyo anakujaga hapa kutafuta mtandao. Wote wanapandaga hapo juu. Kwake ni kule." Akanyoosha fimbo kuelekea lami, kule kule nilikotoka, kwenye mashine za kukoboa mpunga. Nyumba yenyewe iko pembeni ya barabara kuu, na mtaani kwao kuna nguzo ya anwani za makazi, zile zilizosimikwa nchi nzima mwaka 2022. Siku hiyo ilikuwa imefungiwa mbuzi wa mahari.

Nilifika wazee wameshapatana. Soda zilinywewa za moto. Binamu alipoona matope hadi kiunoni aliniuliza kama simu yangu ni feki.

Basi ndugu zangu mnaotuma lokesheni, itumeni mkiwa mmekaa mlangoni kwenu, siyo pale mnapopandia kutafuta mtandao. Kama mlangoni haushiki, semeni tu: ukifika kwenye mashine, uliza. Na ikiwa ni masika, mtumeni mtoto aje kumpokea mgeni barabarani.