Tope Lipewe Heshima Yake

Kuanzia Novemba hadi Aprili, watu wa Katavi hawana jema la kusema juu ya tope. Dereva wa Fuso analilaani, mama anayefua sare za shule analilaani, na mgombea akija na kampeni anaahidi kulifukuza kabisa. Linaonewa. Tangu mkoa huu ukatwe kutoka Rukwa mwaka 2012, sijui mwalimu mwingine wa fizikia aliyefundisha watu wengi hivyo bila kudai hata daftari.

Somo lake la kwanza ni msuguano, mtumishi ambaye umuhimu wake hauonekani mpaka siku asipofika kazini. Kwenye lami ya Tabora–Koga–Mpanda gari linakwenda, na abiria wanadhani injini ndiyo inayofanya yote. Injini inazungusha tairi tu. Tairi linaisukuma barabara nyuma, barabara inagoma kuondoka, na kugoma huko ndiko kunakolipeleka gari mbele. Newton aliandika kanuni hiyo mwaka 1687. Wengi wetu tumeielewa kwenye njia ya Majimoto, tukiwa tumesimama kando na viatu mkononi.

Udongo mweusi wa mbuga una chembe bapa, ndogo mno. Ukilowa, maji yanaingia kati yake na chembe zinateleza zenyewe kwa zenyewe. Sasa Fuso linatoka Mpimbwe na magunia ya mpunga, lumbesa tupu. Likifika bondeni, tairi moja la nyuma linaanza kuzunguka bure, huku la upande mkavu limetulia utadhani halihusiki. Hilo ni somo la difu, inayogawia tairi nguvu ya injini: ile ya kawaida hailipi tairi lililokanyaga pagumu nguvu zaidi ya lile linaloteleza. Dereva mgeni anakanyaga mafuta. Tairi likishateleza msuguano unazidi kupungua, linachimba, na ekseli inakaa juu ya udongo. Mzoefu anaondoka na gia ya pili, mafuta kidogo, taratibu, kwa kuwa tairi linaloshika bado lina msuguano mkubwa kuliko lililokwisha kuteleza. Hajamsoma Coulomb wa kanuni za msuguano. Amelisoma bonde.

Somo la uzito lina vituko vyake. Bodaboda ikikwama, abiria anaambiwa ashuke. Pikapu tupu ikikwama, abiria hao hao wanaambiwa wapande nyuma, wasimame juu ya tairi zinazovuta! Mwanafunzi wa kidato cha pili angechanganyikiwa. Utingo hachanganyikiwi hata kidogo. Anajua uzito unalikandamiza tairi lishike, na anajua pia mahali ambapo uzito huo huo utalizamisha.

Na adabu je? Tope halisomi namba za gari. Shangingi la mkubwa na baiskeli ya muuza mkaa hukutana hapo wakiomba matawi na mawe, na watu ambao wangepishana kwa kupigiana honi tu huanza kuulizana habari za nyumbani. Vijana wenye majembe wanatokea vichakani. Bei yao inategemea foleni iliyo nyuma yako.

Hata reli inayotoka Kaliua, iliyoletwa Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi, haina la kujivunia. Chuma juu ya chuma hakikwamikwami, ndiyo sababu kichwa kimoja kinavuta mabehewa mengi. Lakini gurudumu likianza kuteleza, dawa ya vichwa vya treni ni mchanga unaomwagwa juu ya reli. Yaani wanasafiri na udongo wao!

Mteja wa tope aliye mwaminifu kuliko wote yuko Hifadhi ya Katavi. Kiangazi, Mto Katuma unapobaki madimbwi, viboko hubanana humo kwa mamia, tope likizikinga ngozi zao na jua. Mnyama wa tani moja na zaidi, hana utingo wala jembe, na kila usiku anatoka humo kwenda malishoni bila kuita trekta.