Kabaidi Isiyoivisha Ndizi

Mke wangu anataka kujua mpini wa jembe lake uko wapi. Hii ni wiki ya tatu anauliza, na kila akiuliza nakumbuka jambo la haraka nyuma ya nyumba. Mpini uliko nakujua. Nitakusimulia, lakini usimwambie.

Chanzo ni mashine ya kukereza. Mafundi wa hapa Bujumbura wanaiita turu, kwa Kifaransa kilichobaki karakanani baada ya Mbelgiji kuondoka. Watu wa pwani wana neno lao wenyewe, keezo, na walikereza miguu ya vitanda kabla umeme haujafikiriwa. Yangu niliiunda kwa mota ya mashine ya kufulia iliyokufa, ubao mnene wa mkaratusi, na ubishi. Iko kibarazani kwangu Mutanga Nord, upande unaotazama ziwa, na nikiiwasha majirani hutoka nje wakatazama juu, wakidhani helikopta inatua.

Nilistaafu na ndoto moja tu: bakuli. Bakuli la mgrevilia, la kuwekea matunda, nimelikereza kwa mkono wangu. Sasa, kukereza kwa patasi na bobari kuna siri ambayo hakuna aliyeninong'oneza: muda mwingi hukerezi, unanoa. Mbao inazunguka mara elfu kwa dakika, na makali hayamalizi hata wimbo mmoja wa redio. Unarudi kwenye cherehe. Unanoa, pembe inaharibika, unajaribu, chuma kinang'ata na kuruka, unarudi kunoa. Baada ya mwezi bobari yangu ilikuwa fupi kama kidole, na bakuli lilikuwa bado gogo.

Ndipo shemeji yangu aliyeko Liège aliponitumia video. Mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe ameshika fimbo ya chuma yenye jino dogo la mraba mwishoni. Ameilaza sawasawa juu ya egemeo, anasukuma tu, hasaki pembe wala hainui kiwiko, na maranda yanaruka kama kumbikumbi baada ya mvua. Jino lile ni la kabaidi ya tungisteni. Upande mmoja ukichoka unalegeza skrubu, unalizungusha robo, unakaza, unaendelea. Pande nne, makali manne, cherehe unaifunika gunia. Nilimwonea yule mzee wivu ambao sijawahi kumwonea mtu mwenye gari.

"Ninunulie, shemeji," nikamwandikia.

Akanitumia bei. Chombo kimoja cha Marekani ni zaidi ya dola 100, nawe huwezi kuishi na kimoja, kwa sababu jino la mraba ni la kunyoosha, la duara ni la kuchimba, na lenye umbo la almasi ni la kuingia kwenye kona. Mtu wa Bujumbura anajua kwamba dola ina bei mbili: ya benki, ambako haipo, na ya mtaani, ambako ipo. Nilipiga hesabu kwa hii ya pili nikapata mbuzi kadhaa. Na mbuzi anazaa.

"Basi tengeneza mwenyewe, shemeji," akajibu. "Ni chuma cha mraba na skrubu tu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonifilisi.

Nikashuka Buyenzi. Nasema nikashuka kwa sababu kutoka kwetu kwenda mjini ni kushuka, na nilishuka kwa miguu, maana wiki hiyo mafuta yalikuwa yameadimika tena na mabasi yote yalikuwa yamejipanga foleni yakisubiri kunywa. Buyenzi ndiko Kiswahili cha mji huu kinakolala na kuamka, na ndiko gari lililokufa hufufuliwa kwa viungo vya magari mengine matatu yaliyokufa zaidi. Nikaingia kwa kijana anayeuza vifaa vya kulehemu.

"Una kabaidi, kijana?"

"Karbiri? Ipo, mzee wangu. Nikupimie kilo ngapi?"

Kilo! Moyo uliruka. Wazungu wanauza kwa jino, huyu ananiuliza kilo. Nikaomba nusu nisije nikaonekana mlafi. Akanipimia mawe ya kijivu ndani ya kopo la maziwa ya unga, akanionya nisilipitishe kwenye mvua. Nililipandisha Mutanga Nord kifuani, kama mtu aliyebeba mahari.

Msomaji mwerevu ameshacheka. Kabaidi niliyouziwa ni ile nyingine, ya kalisi. Hiyo ukiitia maji inatoa asetilini, gesi ya moto wa walehemu, na ndiyo wafanyabiashara wasio na subira huitumia kuivishia ndizi. Zinachangia jina tu. Sasa mimi kopo nililiweka stoo, kifuniko kimekaa upande, juu ya mkungu wa ndizi za kupika tulizoletewa kutoka nyumbani kwa wakwe. Siku ya pili stoo ilinuka kitunguu saumu, na ndizi za kupika zilikuwa za manjano mpaka kwenye kikonyo.

Mama Watoto hakupiga kelele. Alikuwa amesikia redioni kwamba ndizi za kabaidi si za kula, akazitupa zote, moja moja, polepole, huku ananitazama.

Nikarudi Buyenzi nikiwa na adabu zaidi. Safari hii nilieleza kwa mikono. Fundi mmoja akaelewa. "Aa, widia! Mzee, nunua keekee ya kutobolea zege, kile kichwa chake ndicho." Na kweli ndicho. Widia ni jina ambalo kampuni ya Krupp ya Essen, Ujerumani, iliiuzia kabaidi hii miaka ya 1920, kifupi cha maneno yao yenye maana ya "kama almasi". Tukapasha keekee moto, kichwa kikatoka, kikubwa kama punje ya hindi. Fundi akakilehemu kwa shaba kwenye kipande cha chuma. Kilichobaki ni kukinoa kidogo.

Kukinoa! Nilikiweka kwenye jiwe la cherehe nikasukuma. Jiwe likaisha. Sitanii: jiwe lilichimbika mfereji, na kile kipunje kilikuwa kinang'aa tu kama jino la dhahabu. Kabaidi hainolewi kwa jiwe la kijivu la kila siku. Inataka gurudumu la almasi, au lile la kijani la silikoni kabaidi. (Naam, kabaidi ya tatu. Hiyo ukiitaja Buyenzi sijui utapimiwa nini.) Na kichwa cha keekee ya zege kimeumbwa kuponda, si kukata. Kilipokutana na mgrevilia hakikutoa hata randa moja. Kilitoa moshi.

Nikasalimu amri nusu. Nikamwomba shemeji anitumie meno matupu, kumi, bila fimbo wala mpini. Yakaja na msafiri, ndani ya soksi.

Hapa naomba ruhusa ya kulalamika kidogo, maana mengine yote hayakuwa malalamiko. Jino lina upana wa milimita 15, kama ukucha wa kidole gumba. Ili ulipate, unachukua wolframi, ndiyo hiyo tungisteni, metali ngumu kuyeyuka kuliko zote, nyuzi joto 3,422, kwa hiyo hawahangaiki kuiyeyusha. Wanaisaga, wanaiunganisha na kaboni, wanachanganya unga wake na kobalti kidogo kama gundi, wanaushindilia kwenye kalibu na kuuoka kwenye nyuzi kama 1,400. Sawa. Sasa wolframi inatoka wapi? Nyingi China, sikatai. Lakini inachimbwa pia Nyakabingo hapo Rwanda, na inachimbwa milimani kaskazini mwa Burundi hii hii, kwa sururu na beleshi. Na kobalti? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, nchi ambayo milima yake naiona nikiwa kibarazani nanywa chai. Yaani gundi ni ya jirani, unga huenda ni wa mlima wetu, vimepanda meli, vimeokwa, vimepanda ndege, na mimi naletewa ndani ya soksi ya mtu nisiyemjua, kwa bei inayonifanya niyahesabu meno kila asubuhi kama vifaranga.

Siku hiyo niliapa kwamba kilichobaki kitatoka mikononi mwangu.

Kilichobaki ni vitu vinne. Fimbo, kikao cha jino, tundu la skrubu, mpini.

Fimbo nilianza na nondo, kwa kuwa ilikuwepo. Usianze na nondo. Ni ya mviringo, na jino likishika mbao kwa kona, nondo inajiviringisha juu ya egemeo na kukupiga kofi la kifundo. Ndiyo maana wenye akili hutumia chuma cha mraba. Na chuma cha mraba cha milimita 12 kila nyumba ya Bujumbura inacho, kimesimama dirishani kikizuia wezi. Niliazima kimoja, dirisha la stoo. Stoo haina ndizi tena, mwizi aje achukue nini?

Kikao nilikichonga kwa tupa siku mbili. Lazima kiwe bapa kabisa. Changu kilikuwa bapa kiasi. Nilipokaza skrubu nikasikia "tik", sauti ndogo, ya adabu, na jino la kwanza likawa mawili. Ndiyo tabia ya kabaidi: haiogopi mbao, haiogopi jiwe, lakini ikikosa pa kukalia inapasuka kama sahani. Siku iliyofuata, tik. Yakabaki manane.

Tundu nilimwachia fundi, kwa sababu mtu mwenye aibu hujua mipaka yake. Skrubu ya milimita 4 inataka tundu la milimita 3.3 ndipo uchonge nyuzi ndani. Fundi alikuwa na keekee ya 3.5.

"Tofauti ni ndogo, mzee."

Nyuzi zikatoka laini kama uji, skrubu ikazunguka bila kushika. Tukaazima keekee ya 3.3 kwa mtu wa aveni ya pili, tukatoboa tundu jipya, na kile chuma cha kuchongea nyuzi kikakatikia ndani. Ni kigumu kama keekee yenyewe, kwa hiyo hakitoboleki, hakitoki, kimekaa hapo mpaka kiama. Fundi akanitazama, nami nikamtazama. Nililipa mimi. Nikarudi kuazima chuma cha pili cha dirisha.

Sasa mpini. Mzee wa video alikuwa na mpini mzuri, mrefu, uliokerezwa. Nami nitakereza wangu, nikasema. Kwa chombo gani? Kwa hiki. Kinashikwa wapi? Kwenye mpini. Nilikaa kibarazani nusu saa nikilitafakari hilo, na macho yangu yakaangukia jembe lililoegemea ukuta. Lilikuwa linapumzika. Mpini wake ulikuwa umenyooka, mkavu, umelainishwa na miaka ya viganja. Nilijiambia ni wa muda tu.

Jumamosi umeme ulikuwepo. Nikafunga gogo, nikawasha, nikalaza jino sawa na kitovu cha mbao, nikasukuma. Ndugu yangu! Maranda yalinijaa kifuani. Gogo likawa mviringo nikiwa bado najiandaa kuogopa. Sikunoa kitu. Nilicheka peke yangu mpaka mtoto wa jirani akachungulia. Nilikereza mpaka umeme ulipokatika, bakuli likiwa na nje lakini bado halina ndani.

Kesho yake nililibeba Buyenzi kumwonyesha fundi mmoja mzee anayekereza miguu ya meza tangu sisi tukiwa shule. Bobari zake zimefuliwa kutoka springi za gari, hajawahi kununua hata moja, na ananoa akizungumza na wateja kama wengine wanavyotafuna karanga. Mguu wa meza ukitoka mkononi mwake unang'aa, haujui msasa. Akapitisha kidole kwenye bakuli langu. Kidole kikakwama.

"Mzee," akasema, "hili ulikereza wewe, au ni panya?"

Nilijitetea kwamba jino la kabaidi ukililaza hivi linakwangua, halifyeki nyuzi za mti kama bobari, ndiyo maana linaacha manyoya, na kwamba msasa utamaliza. Akaniuliza msasa unanunuliwa au unatengenezwa. Nikaaga.

Usiku nikaandika hesabu, jambo ambalo sikushauri. Meno kumi, na pesa ya soda ya msafiri. Nusu kilo ya karbiri. Mkungu wa ndizi. Keekee ya zege, marehemu. Jiwe la cherehe, marehemu. Chuma cha nyuzi cha fundi, kimezikwa. Vyuma viwili vya dirisha. Skrubu sita, maana zinauzwa moja moja na kila moja ikianguka kwenye maranda haionekani tena. Nilipekua kwa sumaku ya spika iliyokufa nikapata misumari saba na kibanio cha nywele. Jumla ilipita kile chombo kimoja cha dola mia, na nilipokitazama vizuri nilichotengeneza, nikaona kwamba jino si langu, skrubu si yangu, tundu ni la fundi na fimbo ni ya dirisha.

Leo asubuhi, nikiwa naandika haya, Mama Watoto amerudi kutoka sokoni. Begani ana mpini mpya, mweupe, umenyooka. Ameusimamisha mbele yangu mezani.

"Baba Watoto," amesema, "huu nimenunua."

Nikauliza bei. Akanitajia. Ni nusu ya bei ya skrubu.