Pawatila na Vilima vya Manyovu

Pawatila ni trekta la magurudumu mawili lenye injini ya dizeli mbele, visu vya kulimia nyuma, na binadamu nyuma ya visu. Mpangilio huo ndio chanzo cha raha na karaha zake zote. Injini ikikosea, visu hupata habari. Visu vikikosea, habari humfikia binadamu. Yeye ndiye mkia, hana wa kumpasia.

Zilizozoeleka Tanzania zina nguvu za farasi kati ya 12 na 16, na kwa mpito mmoja hulima upana wa karibu sentimita 60. Visu vyake havivutwi kama plau, bali huzungushwa na injini. Mwaustralia Arthur Clifford Howard alianza majaribio ya visu vya kuzunguka mwaka 1912, na vile vya kwanza vilirusha udongo pembeni hadi alipovipinda vikawa na umbo la L. Udongo ukatulia. Watu wanaoviendesha bado hawajatulia.

Pawatila zilisambaa nchini kwa kishindo baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009. Umbo lake lilikuwa limekomazwa katika majaruba ya mpunga ya Asia, penye tambarare, maji na tope laini. Manyovu, iliyomo mpakani mwa Burundi katika wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, ina mahindi, maharage, migomba, kahawa na tangawizi; ina kila kitu isipokuwa tambarare. Yapo mashamba ambayo mtu akidondosha kiazi, itabidi akifuate Burundi.

Shughuli huanza kwa kufunga visu. Kuna vya kulia na vya kushoto, na kwa macho ya mtu anayewahi mvua vyote vinafanana. Vyote vikitazama ndani, udongo hujikusanya katikati na kuacha tuta ambalo hakuna aliyeliagiza. Vikitazama nje, huacha mfereji. Kosa la tatu ni kuyaweka makali nyuma. Hapo mashine haiukati udongo, inauchapa bakora, na mkulima humaliza shamba zima akishangaa moshi mwingi na kazi kidogo. Dawa ni kuvipanga kwa kupokezana, kimoja kulia kimoja kushoto, na kuzikaza nati upya baada ya kulima kidogo.

Kisha huja hali ya udongo. Udongo mwekundu wa milimani ukiwa mkavu ni tofali ambalo bado halijakatwa. Visu vikishindwa kuuma hugeuka miguu: mashine hutembea juu yake na kumkokota mwendeshaji kwa mwendo ambao hakuuchagua. Ukiloa kupita kiasi, udongo huohuo huganda kwenye visu hadi vinafanana na vitumbua. Siku zinazofaa ni chache, baada ya mvua za kwanza kulainisha ardhi, na ndizo siku ambazo pawatila moja imeahidiwa kwa kijiji kizima.

Kina cha kulima hupimwa kwa gurudumu dogo la nyuma. Likipandishwa, visu huzama. Likishushwa, visu huinuka. Anayejifunza huona jambo hili ni kinyume, akalirekebisha kwa akili yake mwenyewe. Njia salama ni kulima juujuu kwanza, kisha kurudia kwa kina zaidi. Mwenye tamaa ya kumaliza kwa mpito mmoja huishia kuchimba mahali pamoja, na atakapozima injini atakuwa amepata mwanzo mzuri wa shimo la choo.

Mteremko ndio mtihani mkubwa. Pawatila haina usukani. Chini ya kila mkono wa mashine kuna klachi ya kukatia kona. Kwenye tambarare, ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto hukatiwa nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, na mashine inakata kushoto. Kwenye mteremko mkali mambo hugeuka. Injini haisukumi tena, inazuia. Ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto huachiwa huru likakimbia, la kulia linabaki limeshikwa, na mashine inakata kulia. Mwendeshaji akiona inaelekea kulia, huibana ya kushoto kwa nguvu zaidi, nayo humtii kwa kuzidi kwenda kulia, hadi wote wawili wapokelewe na migomba ya jirani. Wenye uzoefu huingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, huziacha klachi hizo zipumzike, na kuigeuza mashine kwa kusukuma mikono yake kwa mwili.

Adabu nayo huleta ajali. Kwa Waha, wenyeji wa Manyovu, salamu ya heshima huambatana na kupiga makofi taratibu, kazi inayohitaji mikono miwili. Pawatila pia inahitaji mikono miwili. Mzee anapopita kando ya shamba, kijana hulazimika kuchagua kati ya kuvunja mila na kuvunja ua. Jibu sahihi ni kutoa gia, kuzima injini, kisha kusalimu. Mzee atafurahi, na ua utasalimika.

Rivasi haina mzaha. Mashine inaporudi nyuma, mikono yake huinuka na visu humfuata aliyeishika. Kwa hiyo visu hutolewa kwenye gia kwanza, na mwendeshaji huhakikisha nyuma yake hakuna mti, ukuta wala kichuguu. Magugu nayo yakijiviringisha, pamoja na kamba za migomba na shati la mwaka juzi, hukatwa kwa panga injini ikiwa imezimwa. Aliyeipunguza mwendo tu hajaizima.

Visu vikifunguliwa na trela likafungwa, pawatila inakuwa chombo chenye kiuno. Waitaliano wana trekta ndogo zinazojikunja katikati kwa makusudi ili zipite kwenye mizabibu ya milimani; zina usukani unaokiamuru kiuno hicho. Kiuno cha pawatila ni pini moja, na haipokei amri. Trela la ndizi likiwa zito kuliko mashine, kwenye mteremko lenyewe ndilo huamua safari. Hata hivyo, pawatila nyingi nchini zimestaafu kilimo na sasa zinabeba maji, matofali na mazao, kwa sababu barabara haina visiki.

Kwenye shamba la mteremko mkali, mashine hii haifai: ikilima kukatisha mteremko huteleza au kupinduka, ikilima kufuata mteremko huukabidhi udongo kwa mvua. Hata inapofaa, ikishaondoka huacha pembe nne za shamba, kingo, na nafasi kati ya migomba. Hizo humaliziwa kwa jembe la mkono, ambalo halinywi dizeli wala halina rivasi, na kwa kawaida mshikaji ni mama mwenye nyumba, ambaye siku pawatila inakodiwa hakuulizwa kitu.