Namna ya kunyamaza siku tatu bila kupitwa na jambo

Unataka kurudi kazini Jumatatu na uso wa mtu aliyeongea na Mungu, na hutaki kuzima simu. Tumeelewana. Sogea karibu, ndugu yangu, nikupe njia.

1. Chagua kwanza ni mafungo ya nani. Wakatoliki wa Bukavu wameyazoea tangu zamani. Wajezuiti, wale wale walioanzisha Koleji ya Alfajiri mwaka 1938, wana mazoezi ya kiroho ambayo ukiyafanya yote yanakula siku thelathini. Siku thelathini! Ofisini nani atakulindia kiti? Tena kwao kuna padiri anayekaa nawe kila siku na kukuuliza sala imekwendaje, na padiri aliyesoma miaka yote ile hadanganyiki kirahisi.

Wewe chukua Wakweka. Wanajiita Marafiki, walianzia Uingereza katika karne ya 17, na ibada yao ya asili haina padiri, haina mimbari wala sadaka ya kupitisha kapu. Watu wanapanga viti kuzunguka chumba, wanakaa kimya kama saa moja. Anayesukumwa na Roho anasimama, anasema maneno machache, anakaa. Wazee wawili wakipeana mikono, imekwisha. Hakuna anayekuuliza kitu. Kwa watu wa aina yetu, hiyo ni neema tupu.

Ila usiende kukitafuta kimya hicho kwa Marafiki wa ukanda wetu. Mwaka 1902 Wamarekani watatu walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na Ukweka wenye mchungaji, mahubiri na nyimbo. Mmoja wao, Arthur Chilson, ndiye aliyekuja kufungua misheni ya Kibimba, Burundi, mwaka 1934. Leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi yoyote duniani, na hapa kwetu Kivu Kusini utawakuta upande wa Uvira na Fizi. Ukiingia kwao Jumapili umefumba macho kwa unyenyekevu, utafumbuliwa na kwaya.

2. Tafuta nyumba. Kimya kisicho na nyumba ya kihistoria hakipendezi kwenye picha. Waingereza wana Swarthmoor Hall, karibu na mji wa Ulverston, nyumba ya mawe ya mwishoni mwa karne ya 16, ambako Ukweka ulipata makao yake ya kwanza. Watu wamewahi kulipa kulala humo na kufanya mafungo. Lakini habari za viza unazijua mwenyewe.

Sisi wa Bukavu tuna rasi. Nenda Muhumba, Nguba au La Botte, utafute nyumba iliyojengwa na Mbelgiji enzi mji unaitwa Costermansville, jina lililoachwa katika miaka ya 1950. Utaitambua kwa shemine: mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mkoloni alipenda kuota moto jioni akijidanganya kwamba yuko kwao. Tafuta pia kona ya ukuta iliyoviringwa, bustani inayoshuka mpaka majini, na zamu mzee getini. Muulize zamu nyumba ni ya mwaka gani. Akijibu "ya zamani sana, papa", wewe andika 1935. Nani atabisha? Ila usiulize mawe yale yalibebwa kwa mabega ya nani. Swali hilo linaharibu usingizi, na chumba umeshakilipia.

3. Mjue msimamizi wako wa mbinguni. Kila fani ina wake, na wetu ni Jaji Thomas Fell, mwenye nyumba ya Swarthmoor. Msikilize vizuri mtu huyu, maana wenzetu hawamsifu inavyostahili.

Mwaka 1652 jaji yuko safarini kwa kazi zake za mahakama. Nyumbani anafika mhubiri mmoja wa kutangatanga, George Fox, mtengeneza viatu aliyeacha kazi. Mke wa jaji, Margaret, anamsikia akihubiri kanisani Ulverston, anaketi na kulia machozi. Watumishi nao wanageuka. Majirani wanamkimbilia jaji njiani, kabla hajafika kwake: mkeo amerogwa, nyumba yako imeharibika. Fikiria wewe ungefanya nini. Ungepiga kelele? Ungemfukuza mgeni?

Jaji hakufanya lolote kati ya hayo. Alimsikiliza Fox, akapima, kisha akaruhusu Marafiki wakutane hapo hapo, ukumbini mwake. Yeye mwenyewe hakujiunga. Wanasimulia kwamba ibada ikianza alikuwa anaketi katika chumba chake cha pembeni, mlango ameuacha wazi, anasikiliza kutoka huko. Umeona ufundi? Akija mkubwa wa serikali, jaji yuko chumbani kwake na makaratasi yake. Akishuka Roho, mlango uko wazi. Aliishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 1658, na cheo chake kikiwa kizima.

Basi ukifika kwenye nyumba yako ya Muhumba, usikimbilie kiti cha ukumbini. Uliza kama kuna chumba cha pembeni chenye soketi. Acha mlango wazi kiasi cha kiganja. Ukiitwa, uko ndani ya kimya. Simu ikiita, uko nje yake.

4. Ukilazimishwa kukaa ukumbini, kaa kwa akili. Viti vitakuwa vya plastiki, na kiti cha plastiki hakina siri: simu ikitetemeka chini ya paja, kiti kizima kinaitikia na mama wa pili yake anafumbua jicho. Tandika kikwembe kilichokunjwa mara nne kwanza. Mikono iweke magotini, viganja juu. Macho fumba nusu. Ukifumba yote utakoroma, na kwa Wakweka hakuna wimbo wa kufunika mkoromo.

Kelele zisikutishe, ni rafiki zako. Jenereta la jirani, motari anayepiga honi kwenye kona, na jioni wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa, wanaotoka na mitumbwi yao iliyofungwa pamoja, taa mbele, wakiimba ili makasia yaende sawa. Kila kelele ikipita, vuta pumzi ndefu na tabasamu kidogo, kama mtu aliyeisamehe.

Lazima usimame useme mara moja, la sivyo utasahaulika. Siku ya pili ndiyo nzuri: ya kwanza ni kiherehere, ya tatu watu wanawaza mizigo. Maneno yako yaandae nyumbani, yasizidi sentensi tatu au nne, na yahusu ziwa. Sema kwamba Kivu limetulia hivi juu, na chini yake limebeba mabilioni ya mita za ujazo za gesi, methani na kaboni dioksidi, wala halijisifu. Kaa. Usieleze unamaanisha nini. Wenzako watakutafutia maana, na watakayoipata itakuwa nzuri kuliko yako.

5. Jihadhari na hatari yenyewe. Sikutaka kukutisha mapema, lakini njia hii ina ajali zake: unaweza kujikuta umenyamaza kweli, na kitu kikakufikia.

Kilimfikia Margaret Fell. Mumewe akishafariki, hakuwa tena na chumba cha pembeni cha kumkinga. Alikataa kuapa kiapo cha utii kwa mfalme, akakataa kuacha kukusanya watu nyumbani kwake, akafungwa katika ngome ya Lancaster tangu 1664 hadi 1668. Akatoka, na mwaka uliofuata akaolewa na George Fox, ambaye jela alizijua kuliko makanisa. Wakweka wa siku zile walikataa hata kuvua kofia mbele ya wakubwa. Jaribu hiyo kwenye bariyeri yoyote ya mkoa huu, kisha uniletee habari, kama utakuja. Baadaye wakaanza kusumbuana na wafanyabiashara ya watumwa, wakalisha watu wa pande zote za vita, mpaka mashirika yao mawili, la Uingereza na la Marekani, yakapewa Nobeli ya Amani mwaka 1947. Hakuna hata moja la mambo hayo linalomsaidia mtu kupanda cheo.

Usifikiri ni ugonjwa wa Waprotestanti tu. Christophe Munzihirwa alikuwa Mjezuiti, na mafungo yake bila shaka aliyafanya mlango umefungwa. Alipokuwa askofu mkuu wetu, wakati wengi wameona busara kukaa kimya, yeye aliandika barua na kusema hadharani kuhusu wakimbizi na vita inayokuja. Aliuawa hapa mjini tarehe 29 Oktoba 1996. Kila mtu wa Bukavu amepita Nyawera akapatazama mahali pale, au akageuza uso.

Na sisi wa mji huu kimya tunakijua, hatuhitaji kukikodia chumba. Kile cha kuangalia kwanza nani amekaa meza ya nyuma kabla hujajibu salamu ya "hali gani ya mji?" Tulikuwa nacho wakati wa vita ya 1996, tulikuwa nacho wakati wa mapigano ya 2004, na tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025 hata watoto wamekihitimu. Usichanganye vimya hivi viwili. Kile cha woga kinakuacha ulivyo. Kile cha Wakweka kimetengenezwa ili mtu mwishoni asimame aseme, na huwezi kujua atasema nini, wala mbele ya nani.

Dawa ipo. Ukihisi moyo unaanza kupiga na miguu inataka kusimama yenyewe, anza haraka kuwaza chakula cha mchana: sambaza zilizokaangwa kavu, bugali wa muhogo, sombe yenye mawese. Waza kwa utaratibu, sahani moja moja. Msukumo utapita. Ukigoma kupita, rudi chumba cha pembeni.

6. Picha. Mpe zamu simu akupige ukiwa umempa mgongo, unatazama ziwa. Uso usionekane, uso unasema ukweli. Andika neno moja chini yake, uitume, kisha usijibu yeyote kwa saa mbili. Hizo ndizo saa ngumu kuliko zote za mafungo, jikaze.

7. Makaratasi, na hapa ndipo wanaume wengi wanaanguka. Fakture isiandikwe mafungo. Mfadhili wa ofisi yako hajui mafungo. Iandikwe atelie ya kujenga uwezo wa ndani, siku tatu, na mapumziko ya kahawa. Orodha ya waliohudhuria isainiwe asubuhi ya kwanza kwa siku zote tatu, kwa kalamu mbili, bluu na nyeusi, na siku ya tatu saini iwe ya mtu aliyechoka. Ukiona mstari wa mwisho uko wazi, mwandike shemeji yako. Hakufika, ni kweli, lakini ukimgawia nusu ya perdiemu naye atanyamaza.