Sifa za Dirisha Linaloomba Ruhusa

Katika kero zote za ofisi ya uhasibu, hakuna iliyotukanwa bure kama lile dirisha linalozuka katikati ya skrini, likatia giza kila kilichokuwepo, kisha likauliza kama unairuhusu programu hii ifanye mabadiliko kwenye kompyuta yako. Mhasibu amefika asubuhi, mwisho wa mwezi umembana, amefungua programu aliyoizoea miaka mingi, na kabla hajaona hata leja moja anaombwa ruhusa. Anasonya, anabofya Ndiyo. Kesho linamsubiri tena. Dirisha hilo ni mtumishi mwaminifu, na lina haki ya kusifiwa hadharani.

Lilizaliwa na Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 30, 2007. Jina lake rasmi ni User Account Control, ambalo mafundi hulifupisha kuwa UAC. Kabla yake, enzi za Windows XP ya mwaka 2001, karibu kila aliyekaa mbele ya kompyuta ya ofisi alikuwa na mamlaka ya msimamizi, awe meneja au kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Waandishi wa programu walijenga juu ya desturi hiyo. Programu ya uhasibu iliweza kuhifadhi mipangilio yake, na mara nyingine hata vitabu vyenyewe vya hesabu, ndani ya folda ya Program Files, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hatakiwi kuandika chochote. Mambo yalikwenda kwa sababu watumiaji wa kawaida walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Vista ilipokuja kudai adabu, matoleo ya QuickBooks ya 2006 kurudi nyuma yalipata shida, na Intuit, watengenezaji wake, ikawaelekeza wateja wake kwenye toleo la 2007. Hasira zikaliangukia dirisha.

Kama kuna fani iliyopaswa kulipokea kwa mikono miwili, ni uhasibu. Aliyeandaa hati ya malipo haiidhinishi. Aliyeidhinisha hashiki fedha. Anayeshika fedha hasuluhishi hesabu za benki. Mkaguzi hawezi kuridhika na ofisi ambayo mtu mmoja anafanya yote hayo, hata kama mtu huyo ni mcha Mungu. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliiandika kanuni ya aina hiyo kwa upande wa kompyuta tangu mwaka 1975: kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa mamlaka madogo kabisa yanayomtosha. UAC iliileta kanuni hiyo mezani kwa karani. Hata msimamizi mwenyewe, akiingia kwenye kompyuta, hupewa vibali viwili: kimoja cha kawaida anachokitumia siku nzima, kingine chenye mamlaka kamili kinachowekwa kando mpaka aseme wazi kwamba anakihitaji.

Lile giza nalo lina sifa zake. Wengi hudhani ni mbwembwe za kutisha watu. Ukweli ni kwamba skrini inapofifia, Windows imelihamishia swali kwenye uwanja wa peke yake, ambao programu za kawaida haziwezi kuufikia. Kirusi kilichojificha ndani ya kiambatisho cha barua pepe hakiwezi kusogeza kielekezi na kubofya Ndiyo kwa niaba yako. Jibu linabaki kuwa la binadamu aliyeketi pale. Na dirisha halimwachi ajibu gizani: humtajia programu inayoomba, mchapishaji wake kama anajulikana, na rangi ya tahadhari kama hajulikani. Kuuliza si ujinga, na swali hili limekuja na maelezo yake.

Upole wa mfumo huu kwa programu za zamani hausimuliwi vya kutosha. Vista ingeweza kuzikatalia moja kwa moja zilipojaribu kuandika Program Files. Badala yake, programu ya zamani isiyojua sheria mpya ikitaka kuandika humo, Windows huipokea nakala yake na kuiweka pembeni, kwenye folda ya mtumiaji husika iitwayo VirtualStore. Programu huamini imeandika ilipotaka, na kazi huendelea.

Hapo ndipo mhasibu asiyejua huingia matatani. Karani wa asubuhi akiwa na akaunti yake kwenye kompyuta, na wa jioni na yake, kila mmoja ana VirtualStore yake. Stakabadhi alizoingiza wa kwanza, wa pili hazioni. Kisha anakuja mjuaji anayezima UAC ili watu wapumzike na maswali. Akiizima, na ule upokezi wa pembeni nao unazimika. Programu inarudi kusoma faili iliyobaki Program Files, na takwimu za wiki kadhaa zinaonekana kama zimefutika. Hazijafutika. Ziko VirtualStore, zinangoja mtu mwenye subira azitafute. Hali ni hiyo hiyo programu ikifunguliwa ghafla kwa mamlaka ya msimamizi baada ya kutumika muda mrefu bila mamlaka hayo. Ofisi inamlaani aliyekuwa akizitunza hesabu zake.

Na kero yenyewe ilikusudiwa. Mwaka 2008, David Cross wa Microsoft alisema mbele ya wataalamu wa usalama huko San Francisco kwamba UAC iliwekwa ili iwaudhi watumiaji, na akasisitiza kwamba hatanii. Hesabu yao ilikuwa hii: mteja akiudhika atamlalamikia aliyemuuzia programu, na muuzaji huyo atalazimika kuiandika upya ili isidai mamlaka isiyoyahitaji. Dawa ilifanya kazi. Kwa takwimu za Microsoft yenyewe, katika mwaka mmoja, kuanzia Agosti 2007 hadi Agosti 2008, programu na shughuli zilizosababisha swali lile zilishuka kutoka 775,312 hadi 168,149. Windows 7 ya mwaka 2009 ikaongeza kipimo cha ngazi nne cha kuchagua maswali yaje mara ngapi. Ukiona programu ya leo inafunguka kimya, shukuru kwamba kuna watu walioudhika kabla yako.

Wapo wasemao programu ya uhasibu ni kitu cha heshima, kisihojiwe mlangoni. Wakumbuke Ukraine. Juni 27, 2017, kirusi kilichoitwa NotPetya kilitoka kupitia masasisho ya M.E.Doc, programu halali ya kodi na hesabu iliyotumiwa na makampuni mengi ya nchi ile. Kilikagua kwanza kina mamlaka gani. Kilipoyakuta ya msimamizi, kiliharibu hata sehemu ya diski inayoiwasha kompyuta, na kikavuna manenosiri ili kuhamia kompyuta za jirani. Maersk, wasafirishaji wa makontena duniani kote, walilazimika kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000. Dirisha peke yake lisingekizuia kirusi kile, kwa sababu kilikuwa na njia nyingine za kusambaa. Lakini tukio lile lilionyesha mamlaka ya ziada yanagharimu kiasi gani yakiachwa mikononi mwa programu inayoaminiwa bila kuulizwa.

Basi mwenye programu ya zamani kwenye mfumo mpya afanye haya, na asimguse mlinzi. Kwanza atengeneze nakala rudufu, na achungulie VirtualStore za watumiaji wote. Kisha faili za hesabu azitoe Program Files na kuziweka kwenye folda ya pamoja. QuickBooks za baadaye huziweka kwenye Public Documents. Folda hiyo moja ndiyo makarani wapewe ruhusa ya kuandika. Mamlaka ya msimamizi yatumike siku ya kusakinisha tu. Programu ikikataa katakata, iwekwe kwenye kompyuta pepe isiyounganishwa na intaneti, huku ofisi ikijipanga kuhamia toleo jipya.

Na dirisha likitokea wakati hujafungua kitu chochote, bofya Hapana. Mwenye programu halali atarudi kuomba tena, na ucheleweshaji huo ni bei nafuu kwa ofisi inayobeba mishahara na kodi za watu.