Orijino ya Tambarare

Muuzaji aliapa kwamba pedi za breki ni orijino. Kutoka Magamba hadi Soni, kule milimani, zilivumilia. Kuanza kona za kuteremkia Mombo, harufu ya kuungua ikashinda ya kabichi nilizopakia. Fundi alizichomoa, akazigeuzageuza, akacheka: “Hizi, bosi, ni za gari lililopaki.”

Kwa wenzetu ng'ambo, kifaa kikiwa na kasoro, kiwanda huliita gari lirudi, matengenezo bure. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata iliitisha magari kwa mamilioni, hadi kampuni ikafilisika mwaka 2017. Barua ya kukiita kigari changu, kama iliandikwa, ilimwendea mwenyewe wa kwanza, huko Japani. Huku kwetu anayeita ni korongo. Nalo haliitishi gari tupu. Linamtaka na dereva.